Mpe Riwaya Itakayomshika: Namna ya Kupendekeza Kitabu kwa Msomaji Mwenzako

Riwaya nyingi za Kiswahili huuzwa kwa sababu zimo kwenye orodha ya shule. Zikishatolewa kwenye orodha hiyo, maduka mengi huacha kuziagiza na mchapishaji husita kuzichapa tena. Tangu hapo, kinachozifanya ziendelee kusomwa ni mdomo wa msomaji: mtu aliyeisoma, akaipenda, akamwambia mwenzake. Kwa hiyo kupendekeza riwaya ni kazi ya maana, na ina mbinu zake. "Kisome, kitamu sana" haitoshi. Mwenzako atakujibu "sawa," na habari itaishia hapo.

Muulize kwanza kilichomshika

Ukimuuliza mtu anapenda vitabu gani, atakujibu kwa ujumla: "vya mapenzi," "vya kusisimua." Muulize kitabu cha mwisho alichokimaliza kwa hamu ni kipi, na ni kitu gani kilichomfanya asikiweke chini. Kama hajasoma riwaya kwa muda mrefu, muulize tamthilia anayoifuatilia kwenye televisheni, au habari anazozisoma kwanza akifungua gazeti. Majibu hayo yatakuonyesha njia.

Anayependa kukisia nani kaua, mpeleke kwa Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, kisha aendelee na Kisima cha Giningi. Anayetaka mbio, bastola na ujasusi atamfurahia Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika Salamu kutoka Kuzimu.

Anayefuatilia siasa na historia atakaa vizuri na Shafi Adam Shafi. Kuli inaeleza maisha ya wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Haini inaingia gerezani pamoja na waliokamatwa baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na mwandishi mwenyewe alionja jela katika kipindi hicho. Anayevutwa na mambo ya nyumbani, ya baba na binti, ya urithi na heshima, mpe Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed au Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Na yule anayeuliza maswali makubwa kuhusu maana ya maisha, asiyeogopa kukosa jibu, huyo ni wa Euphrase Kezilahabi.

Mwandishi mmoja ana milango mingi

Hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri yanapoharibika. Mtu anasema, "Msome Kezilahabi," bila kutaja kitabu. Mwenzake anaingia dukani, anaona Nagona, kitabu chembamba, anakichukua akidhani wembamba ni wepesi. Nagona, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile iliyoifuata ni miongoni mwa riwaya ngumu kuliko zote tulizonazo: hazina kisa kinachokwenda moja kwa moja, na zinaongea kwa mafumbo na falsafa. Aliyeanzia hapo anaweza kumkimbia Kezilahabi maisha yake yote.

Mtajie kitabu cha kwanza, na ikiwezekana cha pili. Kwa Kezilahabi, aanze na Rosa Mistika ya mwaka 1971. Ni hadithi ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba na kutoka nyumbani bila kuandaliwa kwa ulimwengu. Kisha aende kwenye Kichwamaji au Dunia Uwanja wa Fujo. Nagona imsubiri hadi atakapokuwa ameizoea sauti ya mwandishi.

Kwa Shaaban Robert, Kusadikika ni mlango mzuri. Ni fupi, na kisa chake kinaeleweka mapema: Karama ameshtakiwa, na anajitetea mbele ya mahakama kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali. Kwa Said Ahmed Mohamed, Utengano kwanza, kisha Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, ambamo mambo ya kawaida na ya ajabu yanachanganyika. Ukimpa mtu Babu Alipofufuka kabla hajamzoea mwandishi, mwambie wazi kwamba mtindo wake ni wa aina hiyo.

Sentensi tatu zinatosha

Pendekezo likiwa refu linageuka muhtasari, na msomaji anayejua kila kitu hana sababu ya kufungua kitabu. Sema sentensi tatu. Ya kwanza: nani, yuko wapi, wakati gani. Ya pili: amenaswa na nini. Ya tatu: kitabu kilikufanyia nini wewe.

Chukua Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Ningeipendekeza hivi: "Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar enzi za mkoloni, ameozwa mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake. Akitafuta kupumua, anakutana na watu ambao serikali inawasaka, na mapenzi yake yanaingia ndani ya siasa bila yeye kupanga. Mimi nilipoifunga nilibaki nikiyafikiria yale maamuzi yake, nikijiuliza ningethubutu nini mahali pake." Mwenzako hajajua mwisho, lakini amejua kama kitabu hiki ni chake.

Au chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyoandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. "Yusuf ana miaka 12 baba yake anapompeleka kwa tajiri Aziz kufidia deni, na mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Anafuata msafara wa biashara hadi bara, miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huku Wajerumani wakizidi kuishika nchi. Kwa Kiswahili hadithi hii imerudi kwenye sauti za watu wanaosimuliwa ndani yake, na ndiyo maana nakusihi uisome kwa lugha hii hata kama ulishaisoma kwa Kiingereza."

Usimmalizie utamu. Kanuni rahisi ni kutovuka theluthi ya kwanza ya kitabu. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, sema kwamba Amani na Imani wanakutana wakielekea Sokomoko, eneo lililo chini ya mkono wa Mtemi Nasaba Bora, na kwamba kila mmoja wao ana jeraha la zamani. Ishia hapo. Siri za Mtemi mwache azigundue mwenyewe, maana raha ya kitabu imo humo.

Ugumu utaje mapema

Watu wengine huficha upande mgumu wa kitabu wakihofia kumkatisha tamaa msomaji. Matokeo yake huwa kinyume: msomaji anakutana na ugumu peke yake, anadhani kasoro ni yake, anaacha. Ukiutaja mapema, anaupokea akiwa tayari.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Riwaya za Zanzibar zina maneno ya visiwani ambayo msomaji wa Mwanza, Kisumu au Bukavu huenda hakuyasikia. Mwambie asisimame kila neno kufungua kamusi. Asome ukurasa mzima, na maneno mengi yatajieleza. Ugumu wa pili ni mwanzo wa polepole. Kama kitabu kinachukua kurasa 30 kabla hakijashika kasi, mpe idadi hiyo, ajue anavumilia mpaka wapi. Ugumu wa tatu ni uzito wa mambo yenyewe. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa shuleni kwa sababu ya namna ilivyozungumza waziwazi kuhusu miili na tamaa. Ukimpa mtu kitabu kama hicho, hasa kijana au mtu aliyefiwa karibuni, mweleze kwamba kina maumivu, bila kutaja ni yapi. Hiyo ni heshima kwa msomaji.

Mrudishe aliyechoshwa na mtihani

Watu wengi walikutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani. Kenya walisoma Utengano, Mwisho wa Kosa, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri. Tanzania walisoma Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie, na waliofika kidato cha tano na sita wakakutana na Vuta n'kuvute au Kufikirika. Walizisoma wakiwa na miongozo mkononi, wakikariri dhamira na wahusika, na baada ya mtihani hawakurudi tena.

Mtu wa namna hii anarudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumpa kitabu kingine cha mwandishi aliyemsoma. Anayeikumbuka Kidagaa Kimemwozea, mpe Siku Njema ya mwaka 1996, safari ya Kongowea kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Aliyeisoma Vuta n'kuvute, mpe Kuli. Jina analolijua litampunguzia hofu, na kitabu kipya hakitamkumbusha maswali ya mtihani. Njia ya pili ni kumpa kitabu kile kile akiwa mtu mzima. Utengano ikisomwa na mtu mwenye miaka 17 humwonyesha Maimuna, binti aliyefungiwa na baba yake. Ikisomwa na mzazi humwonyesha pia Mzee Maksuudi, na maswali yanabadilika.

Kwa vyovyote vile, epuka maneno ya darasani. Ukisema kitabu "kina dhamira ya ukoloni mamboleo," umemrudisha kwenye dawati. Mwambie nani alikuudhi, nani ulimpenda, na ukurasa gani ulikufanya uchelewe kulala.

Tofautisha kipenzi na kipya

Kitabu unachokipenda na kitabu ulichokisoma karibuni ni vitu viwili tofauti, na msomaji ana haki ya kujua unamletea kipi. Kipenzi ni kile ulichokirudia, au ambacho bado unakifikiria miaka kadhaa baada ya kukisoma. Hicho kitetee kwa nguvu zote. Kilichosomwa karibuni bado kina joto lake, na joto hilo hukuza uzuri au ubaya. Kipe siku kadhaa. Kama bado unawakumbuka wahusika kwa majina, kipendekeze.

Hata hivyo, usikae na vya zamani peke yake, maana waandishi wapya ndio wanaohitaji zaidi kutajwa. Njia nzuri ya kuwapata ni tuzo. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell imetuletea riwaya kama Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, iliyoshinda mwaka 2017, na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda mwaka 2018. Soma moja kila mwaka, nawe utakuwa na jambo jipya la kuwaambia wenzako.

Hakikisha anaweza kukipata

Pendekezo lisilo na njia ya kukipata kitabu humwacha msomaji na hamu tu. Mwandikie jina kamili la mwandishi, jina la kitabu na, ukiweza, mchapishaji. Majina yanachanganya kweli: Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed ni Wazanzibari watatu tofauti, na kwenye jalada mara nyingi huandikwa kwa herufi za mwanzo tu. Mtu akiambiwa "kitabu cha Mohamed" anaweza kurudi na kisicho chake. Kusadikika na Kufikirika za Shaaban Robert nazo huchanganywa kila siku.

Kama kitabu hakipo madukani, mwelekeze maktaba ya mkoa au ya chuo, na kwa wauza vitabu vya mitumba ambao riwaya zilizoacha kuchapwa huwapitia mara kwa mara. Kama una nakala, mwazime. Andika jina lako ndani ya jalada na mkubaliane siku ya kurudisha, ili kitabu kiweze kwenda kwa mwingine. Na mwambie jambo moja zaidi: akikikosa dukani, akiulizie kwa jina. Muuzaji akiulizwa kitabu kimoja na wateja kadhaa hukiagiza, na mchapishaji akipata maagizo huwa na sababu ya kukirudisha mitamboni.

Akirudi, msikilize

Usimuulize kila siku amefika wapi; utamgeuza mwanafunzi. Akikuletea habari mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, hata kama hakukipenda. Muulize aliachia wapi na kwa nini. Kama alichoka na lugha, mpe kilicho chepesi zaidi. Kama alichukia mwisho, basi alikisoma kwa moyo, na huyo ni msomaji mwenzako wa kudumu. Jibu lake litakusaidia kumchagulia kinachofuata vizuri zaidi.

Sasa chagua mtu mmoja unayemfahamu vizuri na kitabu kimoja tu kinachomfaa yeye. Mwambie sentensi zako tatu, mtajie ugumu wake, mwonyeshe kinapopatikana. Orodha ya vitabu 20 anayotumiwa kila mtu kwenye kundi la WhatsApp haimlengi yeyote. Riwaya moja iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja husomwa, na aliyeisoma akaipenda atamtafuta wa kumpa.