Somo la 18: Mkaguzi wa Usalama wa Ndege

Nenda Malindi, Mjini Unguja, utazame majahazi. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha hukikagua chombo chake. Je, tanga limechanika? Je, maji yanaingia? Akiona ufa, huutia kalafati kwanza.

Ndege nayo hukaguliwa. Kiwanja cha ndege cha Unguja zamani kiliitwa Kisauni. Tangu mwaka 2010 kinaitwa kwa jina la Abeid Amani Karume. Ndege ndogo hutoka hapo kwenda Pemba na Dar es Salaam.

Fundi huitengeneza ndege. Rubani huirusha. Mkaguzi huhakikisha kuwa wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa. Katika Tanzania, kazi hii ya ukaguzi iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanza mwaka 2003.

Mkaguzi huizunguka ndege. Hutazama magurudumu. Hutazama kama mafuta yanavuja. Hutafuta kutu, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Huuliza uzito wa mizigo, maana ndege iliyozidi uzito hupaa kwa shida.

Kisha hufungua kitabu. Kila kasoro ya ndege lazima iandikwe. Fundi akimaliza kutengeneza, huandika alichofanya, hutia tarehe na sahihi. Asipoandika, kazi yake huhesabiwa kuwa haikufanywa. Hawezi kusema, "Niamini, nilikaza jana." Neno la mdomo hupotea. Lililoandikwa hubaki.

Fikiri abiria wamekwisha kukaa. Mmoja anakwenda Pemba mazikoni. Mwingine ana mgonjwa. Lakini mkaguzi ameona tairi limekwisha. Anasema, "Ndege hii hairuki mpaka tairi libadilishwe." Watu wanakasirika. Yeye habadili neno. Sheria imempa uwezo huo, na roho za watu zimo mkononi mwake. Aliyechelewa atafika.

Sisi abiria tuna wajibu wetu. Tusifiche uzito wa mizigo. Tusichukue petroli wala mafuta ya taa ndani ya ndege. Tukiambiwa tungoje, tungoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Nahodha na mkaguzi wa ndege wanafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini mkaguzi hutafuta kutu?
3. Kwa nini fundi lazima aandike kazi yake?
4. Zungumzeni darasani: ni kazi zipi za kijijini kwenu zinazofaa kuandikwa daftarini?