Tukishuka Pwani na Visiwani: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Njombe na Makambako

Zamani safari ya pwani kwa wengi wetu ilikuwa ya msiba, masomo au mzigo wa viazi. Siku hizi parachichi zinalipa, mbao zinalipa, na shule zikifungwa Desemba familia nzima inakaa kupanga: siku mbili Dar es Salaam, boti mpaka Unguja, pengine Pemba. Wenye moyo zaidi wanageukia kusini, Mafia kumwona papa potwe, au Kilwa Kisiwani kutazama magofu. Ni mipango mizuri, na kijitabu hiki hakimkatazi mtu. Kinataka jambo moja lieleweke nyumbani kabla tiketi hazijakatwa: mwili wa mtu wa Njombe hauijui malaria, na huko mnakokwenda ipo.

Malaria na mtu wa baridi

Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, na sababu kubwa ni baridi. Vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwa mbu huhitaji joto ili vikomae. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 18 hivi, mbu wengi hufa kabla vimelea havijawa tayari kumwingia mtu mwingine. Hiyo ni neema, lakini ina deni lake. Mtu mzima aliyekulia Rufiji ameng'atwa na mbu wenye malaria tangu utotoni, mwili wake umejenga kinga ya kiasi, na akiugua mara nyingi hujikongoja akaendelea na shughuli. Mtu mzima wa Lupembe au Uwemba hana kinga hiyo. Mbele ya malaria, baba mwenye nguvu za kupasua mbao na mwanawe wa miaka mitatu wanakaribia kuwa sawa.

Kwa hiyo msiwaige wenyeji. Shangazi yenu wa Mbagala akilala bila chandarua na kusema hajaugua miaka mingi, anasema kweli kuhusu mwili wake, si wenu.

Unguja na Pemba zimeipunguza malaria sana kwa vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na upimaji wa haraka, lakini haijaisha. Zaidi ya hayo, njia ya kufika huko inapita kwenye mbu wengi. Anayepanda treni ya TAZARA Makambako anateremka mpaka Mlimba na Ifakara, bonde la Kilombero, ambako watafiti wa malaria wameweka makazi kwa miongo mingi kwa sababu inayoeleweka. Treni ikipita huko usiku na madirisha yako wazi, mmeshang'atwa kabla hamjaiona bahari. Anayekwenda Mafia husubiri boti Nyamisati, pembeni mwa delta ya Rufiji, na boti hufuata maji, haifuati saa yako. Usiku wa kusubiri pale ni usiku wa kulala ndani ya chandarua.

Bebeni chandarua chenu chenye dawa. Kikikunjwa vizuri hakizidi sweta moja, na masweta mengi mnayaacha nyumbani safari hii. Vyandarua vya nyumba za wageni mara nyingi vina matundu au vimefuliwa mpaka dawa imeisha. Jua likizama, vaeni mikono mirefu na mpake dawa ya kufukuza mbu miguuni. Mjamzito na mwenye mtoto mchanga wapitie kliniki kwanza. Kama safari inaweza kungoja, ingoje. Zipo pia dawa za kumeza za kujikinga na malaria, lakini hazimfai kila mtu, kwa hiyo mganga ndiye wa kuamua, si muuza duka.

Kuna na mbu wa mchana, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengue. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Homa ikikupata huko, meza parasetamo na ukapime. Aspirini, diklofenaki na brufeni ziache mpaka ujue unaumwa nini, maana kwenye dengue zinaweza kuchochea damu kutoka.

Boti, upepo na maji

Bahari ina majira yake. Kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka karibu Septemba na kuchafua maji, hasa mkondo ulio kati ya Unguja na Pemba. Kaskazi ya Desemba hadi Machi kwa kawaida ni pole zaidi, ingawa joto lake litawatoa jasho. Likizo ya Juni ina hewa nzuri nchi kavu na bahari mbaya. Ya Desemba ni kinyume chake. Kwa familia yenye watoto ninapendekeza Desemba.

MV Spice Islander ilizama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia walikufa. MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi. Tangu hapo boti kubwa za Unguja zimekuwa bora, lakini mashua ndogo za kwenda visiwa vya karibu bado zinategemea busara ya nahodha na ya abiria. Kagua kama kuna jaketi okozi la kila mtu, la mtoto likiwa la saizi yake, na livaliwe, lisikaliwe. Mashua ikijaa kupita kiasi, shuka. Nauli iliyopotea itatafutwa tena.

Bahari ikikulevya, kaa katikati ya boti, tazama mbali, na usipande ukiwa umeshiba sana au una njaa. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika havikai tumboni.

Sasa maji yenyewe. Wengi wetu hatujui kuogelea, maana mito ya huku ni ya baridi na hakuna aliyetufundisha. Mtu wa bara huiona bahari imetulia, akaingia mpaka kifuani, na hajui kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji huenda mbali sana na kurudi kwa nguvu. Fungu la mchanga la Nakupenda, linalopendwa na wageni karibu na Mji Mkongwe, hufunikwa maji yakijaa. Muulize nahodha saa ya kurudi kabla hajaondoka ufukoni, na mtoto asiache kushikwa mkono hata maji yakiwa ya magotini.

Vaeni viatu vya plastiki majini. Kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu kwenye mawe, na kuna taa, samaki bapa anayejifukia mchangani mwenye mwiba mkiani. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia mpaka maumivu yapungue, kisha nenda hospitali. Konyeza, yule kiumbe laini kama ute anayeelea majini, akikuwasha, usisugue wala usipake mchanga.

Mkifika kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, waonyesheni watoto lile jengo la zamani. Lilijengwa miaka ya 1890 liwe gereza, likaishia kuwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi.

Chakula

Kuleni pweza, kuleni urojo, ila viwe vya moto na mbele ya macho yenu. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Barafu ya kwenye juisi ni maji pia. Kuhara kukianza, changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, na mtoto apewe pia zinki. Choo kikiwa kama maji ya mchele, msingoje asubuhi: huenda ni kipindupindu.

Nyama ya kasa msiile hata mkikaribishwa na mtu mwema. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kuila, 8 kati yao watoto. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Samaki aitwaye bunju naye ni hivyo hivyo.

Mito na madimbwi ya Unguja na Pemba yana kichocho, kwa hiyo watoto waoge baharini na bombani.

Dawa za kila siku

Mkoa wetu unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, kwa hiyo tuseme wazi. Anayetumia ARV aende kliniki ya tiba na matunzo mapema, aombe dawa za kumtosha mpaka arudi na za ziada, kisha azibebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kadi yake. Begi lililo chini ya basi linaweza kufika mji mwingine. Kondomu zibebwe pia. Likizo ni likizo. Wenye presha na kisukari wafanye vivyo hivyo, na insulini isiachwe kwenye gari juani.

Kadi ya bima ulizia kabla ya safari kama inapokelewa ng'ambo ya maji.

Mkirudi nyumbani

Hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Malaria kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kung'atwa, na wakati mwingine baada ya mwezi au zaidi. Mtu amerudi, amevaa koti lake, anatetemeka, kila mmoja anasema ni mafua au kichomi. Anakunywa chai ya tangawizi siku tatu, na siku ya nne anachanganyikiwa.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: "Nilikuwa pwani." Usingoje akuulize, maana kwa wagonjwa wake wa kila siku malaria ni nadra. Omba kipimo cha haraka. Hutumia tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi kesho upimwe tena.

Ukikutwa na malaria ya kawaida utapewa dawa mseto ya ALu. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, mara 6 ndani ya siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza. Meza pamoja na chakula chenye mafuta. Parachichi linafaa sana. Maliza zote hata ukijisikia mzima siku ya pili. Degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mkojo mweusi au kuchanganyikiwa ni dalili za malaria kali: mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, na anayemsindikiza aseme alikotoka.