Tundu la Chuma Likipashwa Moto

Katika karakana za Gerezani, Kariakoo, si ajabu kumwona fundi akiingiza bushi mpya ya springi ya pikapu kwa nyundo. Bushi hutengenezwa kubwa kidogo kuliko tundu lake ili isicheze. Ikigongwa, mdomo wake hupondeka.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chuma kikipashwa moto tundu lake husinyaa. Sivyo: hutanuka kana kwamba limejazwa chuma hicho hicho. Feleji hutanuka sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja. Ncha ya springi iliyofunguliwa ikizamishwa katika maji yanayochemka, tundu la milimita 40, kutoka digrii 30 hadi 100, huongezeka milimita 0.034. Bushi iliyolala katika jokofu kwenye digrii 18 chini ya sifuri hupungua milimita 0.023. Jumla hukaribia unene wa unywele! Mara nyingi yatosha bushi kuvutwa ndani kwa bolti, nati na kipande cha bomba kinachosukuma ganda la nje tu, kabla joto halijalingana.

Moto wa gesi usitumike. Huondoa ugumu wa springi, nayo huja kuvunjika barabarani ikiwa na shehena.