Chaza wa Horini: Moto Hauui Madini

Majuzi mama mmoja mwenye mimba ya miezi minne aliketi mbele yangu kliniki akiwa na swali moja tu. Shemeji yake huwang'oa chaza kwenye mizizi ya mikoko, katika hori la bahari lililo karibu na mji, na kumletea kila Jumamosi. Jirani alikuwa amemtisha kwamba chaza hao wana sumu. "Daktari," akaniuliza, "nikiwachemsha sana, si hiyo sumu itakufa?"

Swali hili wengi hujiuliza, na jibu lake ni muhimu. Moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini madini hayafi, kwa sababu hayakuwa hai. Uchemshe saa moja au saa tano, utie ndimu, kitunguu saumu au siki, madini yaliyomo kwenye nyama ya chaza yataingia tumboni mwako.

Madini mazito ni nini?

Tunapotaja madini mazito katika chakula, tuna maana hasa ya zebaki, risasi na kadimiamu. Si kila madini ni adui. Mwili unahitaji chuma na zinki, na vyakula vya baharini vina madini hayo kwa wingi. Lakini haya matatu hayana kazi yoyote ya manufaa katika mwili wa binadamu.

Hutoka katika viwanda, betri kuukuu, rangi, majaa ya taka na maji machafu ya mji. Mvua huyasomba hadi baharini, na huko hunata kwenye tope, hasa katika mahori ambako maji hayaendi kasi.

Sasa mtazame chaza. Yeye hatembei. Hukaa mahali pamoja akivuta maji na kuchuja chakula chake humo. Chaza mkubwa anaweza kuchuja zaidi ya lita 100 kwa siku. Maji hutoka, lakini sehemu ya madini hubaki mwilini mwake na kuongezeka polepole. Kome hufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi nyingi huwatumia chaza na kome kama kipimo cha uchafu wa bahari. Naye kaa hutafuta chakula chake topeni, na kadimiamu hukusanyika zaidi katika ile nyama laini ya kahawia iliyo ndani ya gamba lake, kuliko katika nyama nyeupe ya magando.

Jambo la hatari ni kwamba chaza mwenye madini mazito hanuki, habadiliki rangi, wala ladha yake haiharibiki.

Funzo la Minamata

Mnamo Aprili 1956, mtoto wa kike wa miaka 5 alipelekwa hospitalini katika mji wa Minamata, nchini Japani. Hakuweza kutembea wala kusema sawasawa, na alikuwa akishikwa na degedege. Siku chache baadaye mdogo wake wa miaka 2 naye akaanza kuugua. Nyumba yao ilikuwa kando ya bahari, na chakula cha watu wa hapo kilikuwa samaki na kome wa ghuba hiyo. Tayari paka wa mtaani walikuwa wamekufa baada ya kuyumbayumba kama walevi.

Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki ghubani. Daktari Hajime Hosokawa wa hospitali ya kampuni hiyo aliripoti ugonjwa huo kwa idara ya afya Mei 1, 1956. Mwaka 1959 aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, na mmoja akaugua vilevile. Kampuni ilificha matokeo hayo. Kiwanda hakikuacha kumwaga zebaki hadi mwaka 1968. Zaidi ya watu 2,200 walitambuliwa rasmi kuwa waathiriwa. Baadhi yao walizaliwa wakiwa wamelemaa ilhali mama zao walionekana wazima, kwa kuwa zebaki ya aina hiyo hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Kwetu hatujapatwa na msiba kama huo wa zebaki. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba madini mazito ni mambo ya ng'ambo. Huko Mombasa, jaa la Kibarani lilipokea taka za mji kwa miaka mingi kando ya hori la Makupa. Na wakazi wa Owino Uhuru, walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walitunukiwa fidia ya Sh1.3 bilioni na mahakama mwaka 2020.

Madhara mwilini

Zebaki hushambulia ubongo na neva. Mgonjwa hufa ganzi mikononi na mdomoni, huyumba anapotembea, na huona kwa shida.

Risasi huwaumiza zaidi watoto. Hupunguza damu na kudumaza akili, hata mtoto akionekana mwenye afya. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kadimiamu hukaa katika figo kwa miaka kati ya 10 na 30. Huharibu figo na kudhoofisha mifupa. Wavutaji sigara huipata pia katika moshi.

Je, kiasi gani ni kingi? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) waliweka kikomo cha maikrogramu 25 za kadimiamu kwa mwezi kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60 basi asizidishe 1,500. Tuchukue mfano wa chaza wenye maikrogramu 1,000 katika kila kilo ya nyama. Mtu huyo atafikia kikomo akila kilo moja na nusu kwa mwezi, hata kabla ya kuhesabu kadimiamu iliyo katika wali na mboga. Mtoto wa kilo 15 atakifikia kwa gramu 375 tu.

Ufanye nini?

1. Uliza chaza, kome au kaa wametoka wapi. Usile waliookotwa karibu na bandari, jaa, kiwanda au bomba la maji machafu.

2. Usitegemee kuwaweka hai katika maji safi siku mbili. Hilo hupunguza viini, lakini madini huchukua wiki nyingi au miezi kupungua.

3. Ondoa ile nyama ya kahawia ya kaa na vichwa vya kamba, hasa unapowapikia watoto.

4. Badilisha vyakula. Usile kitu kimoja kutoka mahali pamoja kila wiki.

5. Kula vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharagwe, mboga za majani na maziwa. Mwili usio na chuma ya kutosha hufyonza risasi na kadimiamu kwa wingi zaidi.

6. Ukishuku umeathirika, mwone daktari. Damu hupimwa risasi na zebaki, na mkojo hupimwa kadimiamu. Usinunue dawa za mitaani zinazodaiwa kusafisha damu.

Sisemi watu waache vyakula vya bahari. Vina protini bora na aidini, na kuna pwani nyingi zilizo mbali na uchafu.

Yule mama nilimshauri aache chaza wa horini wakati wote wa mimba na wa kunyonyesha, na asile papa wala sulisuli, kwa kuwa samaki wakubwa wala samaki hulimbikiza zebaki. Ale dagaa na samaki wengine wadogo. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza, "Na shemeji yangu je, anayewala kila siku?"

Nilimwambia aje naye wiki ijayo.