SOMO LA FAMILIA: Mgeni wa jana, mwenye nyumba wa leo



Kila mmoja wetu aliwahi kusimama kama mgeni mlangoni pa mtu. Tulifika Nakivale na mafurushi kichwani, tukalala kwenye mapokezi, kisha tukapewa ploti na turubai. Leo wako kati yetu wanaopangisha. Mmoja amejenga vyumba viwili karibu na soko. Mwingine amehamia Kakiika, Mbarara, amekodi nyumba nzima na kuwapa wenzake vyumba ili kodi isimlemee. Si dhambi kupangisha. Lakini tumeona jinsi jambo hili linavyowapeleka waumini polisi, na jinsi watu waliosali pamoja wanavyoacha kusalimiana. Basi tujifunze pamoja.

1. Ploti ya kambi tumepewa kutumia

Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinasema kwamba mkimbizi anayeishi kambini ana haki ya kutumia ardhi aliyopewa kwa kulima na kufuga bila malipo. Lakini hana haki ya kuiuza, kuikodisha au kuihamishia mtu mwingine. Kwa hiyo ndugu anayehamia mjini na kumwachia mwingine shamba kwa kodi ya msimu anavunja kanuni. Anayelipa naye hana ulinzi: siku ofisi ikimpa mtu mwingine ploti ile, pesa yake imepotea.

Na vyumba ulivyojenga kwa matofali yako? Matofali ni yako, lakini yamesimama juu ya ardhi ile ile. Kabla ya kuchukua pesa ya mtu, nenda kwenye ofisi ya OPM uulize, na mwenyekiti wa kijiji chako ajue. Tusiseme, "Kila mtu anafanya hivyo." Katika Walawi 25 Mungu aliwakumbusha Israeli kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni kwake. Sisi wakimbizi tunalielewa neno hilo kuliko wengi.

2. Mjini, jua unapangisha kwa haki gani

Kwa sheria ya Uganda, asiye raia anaweza kupata ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Akikwambia mtu huko Kakiika kwamba anakuuzia kiwanja kiwe chako milele, jihadhari.

Wengi wetu mjini ni wapangaji wanaopangisha wapangaji. Hapo kosa kubwa ni kuficha. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kuingiza mtu. Usipofanya hivyo, anaweza kuwatoa nyote, na yule mama uliyempokea na watoto wake atalipia uongo wako.

3. Andikeni, hata kama mnapendana

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Sisi tunashauri hata chumba cha bei ndogo kiandikwe, katika lugha ambayo wote wawili wanaisoma. Andikeni majina, namba za vitambulisho vya ukimbizi, kodi na tarehe ya kulipa, nani analipa maji na umeme, na mlango, kufuli na madirisha yako katika hali gani. Mashahidi wawili waweke sahihi, na mwenyekiti wa LC1 apige muhuri. Kila unapopokea pesa, toa risiti.

Sheria hiyo hiyo inakataza kuongeza kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha shilingi 60,000 hakiwezi kuwa 80,000 mwaka ujao eti kwa sababu wageni wameongezeka. Inakutaka pia utoe nyumba inayofaa binadamu kukaa. Paa linalovuja na choo kilichojaa ni deni lako.

4. Mpangaji akishindwa kulipa

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Tukiri wazi: hata kati yetu sisi tunaoandaa masomo haya yuko aliyewahi kufunga kufuli kwenye mlango wa mpangaji, watoto wakalala nje. Alidhani ni haki yake. Haikuwa haki yake. Kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa, na mwenye nyumba anaweza kutozwa faini au kufungwa. Usifunge kufuli, usitoe mlango, usikate maji, usibebe godoro wala sufuria za mtu.

Fuata njia hii. Kwanza ongea naye mwenyewe, kwa upole, ukimuuliza kilichompata. Labda kibarua kimekwisha, labda mgawo wa chakula umepunguzwa. Pili, kubalianeni kulipa kidogo kidogo na mwandike. Tatu, itaneni mbele ya mwenyekiti wa LC1 au wazee wa kanisa. Nne, kama bado, nenda mahakamani. Shirika la Refugee Law Project, lililoanza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Makerere, limewasaidia wakimbizi wengi katika mambo ya sheria. Ulizeni msaada kabla ya kugombana.

Someni Kumbukumbu la Torati 24:10-13. Mtu anayedai aliamriwa asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Alipaswa kusubiri nje, aletewe. Na kama rehani ni vazi la maskini, alirudishe kabla ya usiku. Deni lilibaki kuwa deni, na alikuwa na haki ya kulipwa. Lakini mlango wa maskini uliheshimiwa.

Wapendwa, tunajua maana ya kutolewa nyumbani usiku. Tusimfanyie mwenzetu lile tulilolikimbia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, kuna mtu anayetulipa kodi bila karatasi? Tutaiandika lini?
2. Tulipofika, nani alitupokea? Alitutendea vipi?
3. Je, yuko mpangaji au mwenye nyumba tunayepaswa kumwomba msamaha wiki hii?

Bwana awabariki.