Insha ya Maelezo: Mgeni katika Mji wa Kale

Swali la mfano
Umetembelea mji wenye majengo ya kale. Andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kueleza mambo ambayo mgeni anaweza kujifunza kutokana na majengo hayo.

Uchambuzi wa swali
Neno la kuzingatia ni "kujifunza". Mtahiniwa anayeorodhesha majengo tu ("niliona ngome, kisha nikaona kanisa") hajajibu swali. Kila jengo utakalolitaja lazima litoe funzo. Kabla ya kuandika, jiulize maswali manne:
(a) Limejengwa kwa vifaa gani?
(b) Nani alilijenga, na kwa nini?
(c) Lilitumikaje zamani?
(d) Leo linatumikaje, na lipo katika hali gani?

Hoja na mifano
Hapa tunatumia Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

1. *Majengo huonesha mazingira ya watu.* Kuta nyingi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vingi ni vyembamba. Bahari ndiyo iliyotoa vifaa, na vifaa vikaamua umbo la nyumba.

2. *Majengo huonesha mwingiliano wa jamii.* Tazama milango ya kuchongwa. Ile ya mtindo wa Kiarabu kwa kawaida ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Mingi ya mtindo wa Kihindi ina tao juu. Mbele ya nyumba kuna baraza za mawe, ambapo wenyeji na wapita njia huketi na kuzungumza.

3. *Majengo hutunza kumbukumbu za machungu.* Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kanisa la Anglikana la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa na soko hilo, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika kuhusu sarufi ya Kiswahili.

4. *Urithi usipotunzwa hupotea.* Soma aya ifuatayo.

Aya ya mfano
"Jengo la Beit el Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na baadaye likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mgeni anayelitazama hujifunza kwamba ukuta wa kale ukiachwa muda mrefu huwa hatari kwa walio hai, na si hasara kwa historia peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Angalia mpangilio: jengo, ukweli wenye tarehe, funzo, kisha methali inayofunga hoja. Methali imewekwa mwishoni kwa sababu inaafiki hoja. Usiipachike kwa ajili ya pambo tu.

Kama hujafika Zanzibar
Mtahiniwa wa Kasulo hahitaji kubuni safari ya baharini. Mjini Biharamulo kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Maswali manne yale yale yanatosha: kwa nini mtawala wa kigeni alihitaji jengo imara kama ngome? Wenyeji wa Kagera walijenga msonge, nyumba ya duara ya miti na nyasi. Linganisha majengo hayo mawili: moja lilijengwa ili kutawala, jingine ili kuishi. Ulinganisho huo ni hoja kamili, na umetoka nyumbani kwako.

Makosa ya kuepuka
- Kusifu bila ushahidi: "Jengo lilikuwa zuri sana."
- Kutaja tarehe usiyo na uhakika nayo. Afadhali "mwanzoni mwa karne ya 20" kuliko mwaka wa kubahatisha.
- Kurudia utangulizi katika hitimisho. Hitimisho litoe msimamo au ushauri.

Zoezi
1. Eleza uhusiano kati ya boriti za mikoko na upana wa vyumba vya Mji Mkongwe.
2. Chagua jengo moja la zamani katika wilaya yako. Jibu maswali (a) hadi (d), kisha andika aya moja ukifuata mpangilio wa aya ya mfano.
3. Andika hitimisho la insha hii kwa maneno yasiyozidi 40.