KILA KITU NA PAHALI PAKE
Somo juu ya kupanga nyumba zetu



Tumejifunza mengi pamoja juu ya matangi ya maji, vitalu vya miche na pesa za mzunguko. Leo turudi nyumbani, tuangalie vitu vilivyomo ndani ya nyumba zetu: vile tunavyovihitaji, vile tusivyovihitaji, na pahali pa kuviweka. Huenda mtu akasema hili ni jambo dogo la kufunzwa wasichana wa shule. Hata sisi tulifikiri hivyo, mpaka siku ya ile chupa ya soda.

Tulikuwa na mkutano nyumbani kwa mmoja wetu. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni akitupikia chai. Mtoto wake wa miaka miwili aliona chupa ya soda chini ya meza, kati ya viatu na majembe, akainywa. Kumbe ni mafuta ya taa. Alianza kukohoa, na sisi tukaanza kupiga kelele, kila mtu na dawa yake. Mmoja alitaka apewe maziwa, mwingine alitaka atiwe kidole kooni atapike. Bahati njema alikuwepo mama mmoja aliyefunzwa kazi ya afya kijijini, naye akakataza yote mawili. Mtoto akapelekwa hospitalini kwa pikipiki, akalazwa siku tatu, akapona.

Baadaye tulielezwa sababu. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na kumtapisha mtoto ndiko kunakoweza kuyapeleka huko. Basi tukariri jambo hili mpaka kila mtu nyumbani alijue: usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa mafuta, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, halafu mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe, ili daktari aone alichokunywa.

Wiki iliyofuata tulipokutana hatukumlaumu yule mama. Tuliulizana tu, mmoja mmoja: kwako mafuta ya taa yanakaa wapi? Majibu yalitutia haya. "Chini ya kitanda." "Pale pale tu." "Inategemea nani ameyatumia mwisho." Wawili walikiri kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe wameiweka ndani ya chupa ya juisi, tena dirishani. Hapo tukaona kwamba ile ajali ilikuwa inangoja karibu kila nyumba ya kikundi chetu.

Tulijiuliza pia kwa nini nyumba zetu hujaa namna hii, na sisi si matajiri. Jibu ni kwamba hatutupi kitu. Tumelelewa na methali, "Akiba haiozi," na nyingine, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Ni methali nzuri, na zimeokoa watu wengi wakati wa njaa. Lakini tumezifanya kuwa kisingizio. Beseni lililopasuka si akiba. Redio iliyokufa, ambayo mzee amesema kwa miaka sita kwamba itatengenezwa mwezi ujao, si akiba. Akiba ni kitu unachojua unacho, unajua kiko wapi, na ukikihitaji utakipata kikiwa kizima. Kitu ambacho umesahau kuwa unacho utakwenda sokoni kukinunua tena. Mmoja wetu alipatikana na vifungua mkebe vitatu na hana mkebe hata mmoja.

Tuliamua kuanza na nyumba ya mwenyekiti wetu, kwa sababu yeye mwenyewe alijitolea. (Nadhani alijuta kabla ya saa nne.) Tulichukua chumba kimoja tu, kile cha mbele, tukatoa kila kitu nje juani: magunia matupu kumi na manne, viatu vya mguu mmoja, sufuria zisizo na vipini, miguu ya kiti ambacho hakuna aliyekikumbuka. Ukutani kulikuwa na kalenda za miaka mingi, moja juu ya nyingine. Tulipozishusha, tulikuta nyuma yake bahasha, na ndani ya bahasha cheti cha kuzaliwa cha kijana wake wa pili. Familia ile ilikuwa imekitafuta cheti hicho miaka miwili, na ilikuwa imekwisha lipa nauli mara nyingi kwenda mjini kutafuta kingine.

Vitu vikiwa nje, tulivigawa kwa kuuliza swali moja: kilitumika mara ya mwisho lini? Kilichotumika mwaka huu kilirudi ndani. Kilichokuwa kizima lakini hakitumiki kilitengwa cha kupewa mtu au kuuzwa. Magunia mazima yalikung'utwa, yakakunjwa na kufungwa kamba. Vyuma vilingoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Plastiki tuliiweka kando. Tafadhali tusiitumie kuwashia moto jikoni, moshi wake ni mbaya kwa mama na mtoto.

Hapa tunataka kuonya kidogo. Usitupe kitu cha mwenzako bila kumwuliza. Tunajua nyumba moja ambapo mama, kwa bidii ya somo hili hili, aliuza fremu ya baiskeli ya mumewe. Kwake ilikuwa kutu. Kwa mumewe ilikuwa baiskeli aliyonunua kwa mshahara wake wa kwanza. Neno hilo lilifika kwa wazee. Na vitu vya marehemu, kama fimbo, kigoda au koti, visiguswe mpaka wakubwa wa familia wazungumze. Kuna vitu ambavyo havina kazi lakini vina maana, navyo pia vistahili pahali pazuri, si kutupwa nyuma ya mlango na nepi kuukuu. Basi fanyeni kazi hii pamoja, baba, mama na watoto wakiwepo. Kila mtu ajitetee mwenyewe.

Sasa tuje kwa vitu ambavyo havingoji siku ya usafi. Sumu tumeisema. Mafuta ya taa, dawa ya mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea na ya panya vibaki ndani ya chombo chake chenye maandishi, juu kuliko mkono wa mtoto, ndani ya sanduku lenye kufuli. Usiweke kamwe ndani ya chupa ya kinywaji. Mtoto hasomi maandishi, anajua umbo la chupa tu. Ukinunua mafuta ya taa dukani kidogo kidogo, tenga mtungi wake mmoja wa rangi ya peke yake, na usitumike kwa kazi nyingine.

Cha pili ni karatasi. "Mali bila daftari hupotea bila habari," nasi twaongeza kwamba hata daftari lenyewe hupotea. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, hati ya shamba, makubaliano ya kununua ardhi, cheti cha kifo cha baba: bila hivi mtoto anasumbuka kuandikishwa mtihani, na mjane anasumbuka kurithi shamba alilolima maisha yake yote. Hati ya shamba ikipotea, kuna kuripoti polisi, kuapa, kulipa, na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, halafu kungoja, kwa kawaida siku 60, kabla ya kupewa nyingine. Na muda huo wote mtu mwenye tamaa anajua huna karatasi mkononi.

Sanduku la mbao chini sakafuni ni chakula cha mchwa. Tumia sanduku la bati, au hata mkebe mkubwa wenye kifuniko, uweke juu ya rafu mbali na paa linalovuja. Tia kila karatasi ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji. Piga nakala, uzipeleke kwa ndugu unayemwamini, ili nyumba ikiungua usibaki mikono mitupu. Wenye simu za kupiga picha wazipige picha pia. Halafu, na hili wazee wengi hawalipendi, mwonyeshe mkeo au mumeo sanduku liko wapi na ufunguo uko wapi. Tumeona familia ikivunja kuta baada ya mazishi, kwa sababu marehemu alificha vizuri mno.

Cha tatu ni chakula. Sisi wa upande wa Ukambani hatujasahau mwaka wa 2004, wakati sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini ilipowapata watu 317 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafa. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba nyumba zilizopatwa zaidi ni zile zilizoweka mahindi yasiyokauka vizuri ndani ya nyumba ya kulala. Tunaelewa sababu: mahindi yalikuwa machache, na ghala la nje huibiwa. Lakini chumba kilichojaa hakipitishi hewa. Basi mahindi yakaushwe kabisa juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, mtu aweze kupita kando na kutazama. Kama chumba kimejaa mpaka huwezi kulifikia gunia la nyuma, hujui unachokula. Mahindi yaliyoota kuvu usiyapike, usiwape kuku, usiyapikie pombe. Kuosha na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Vilevile, panya hupenda nyumba yenye marundo, na nyoka humfuata panya.

Tumegundua kwamba kupanga nyumba siku moja si kazi ngumu. Kazi ni siku ya kumi. Nyumba ya mwenyekiti ilirudi kama zamani baada ya wiki tatu, tusifiche. Tulipochunguza tuliona kwamba alikuwa amepanga yeye, lakini wengine hawakujua pahali pa vitu. Safari ya pili walipiga misumari ukutani pamoja: wa panga, wa koti la mvua, wa mifuko ya shule, kila mtoto na wake. Walitengeneza kichanja cha vyombo nje kwa miti ya uani. Na kila jioni kabla ya giza, robo saa hivi, kila mtu anarudisha alichokitoa. Wavulana pia. Mwanzoni mzee alisema kurudisha vitu ni kazi ya wasichana, lakini jembe lililopotea lilikuwa la mzee mwenyewe. Siku hizi hulirudisha, ingawa hunung'unika.

Jambo moja jingine waliloweka: kikiingia kitu kipya, kimoja kikuukuu kitoke. Hilo bado linawashinda, na sisi pia.

Kabla ya mkutano ujao, tunaomba kila mwanachama afanye haya. Leo jioni, atafute chupa zote za mafuta ya taa na dawa nyumbani kwake, azihamishe. Jumamosi, atoe karatasi zote za familia, azihesabu, aandike zinazokosekana. Mkutanoni mjadiliane:

Ni nani nyumbani kwako anayejua hati ya shamba iko wapi? Ukisafiri wiki moja, wataipata?

Ni kitu gani umekiweka zaidi ya miaka mitano bila kukitumia, na kwa nini hutaki kiondoke?

Katika kikundi, je, tunaweza kununua masanduku ya bati kwa pamoja ili bei ipungue, tukianza na wajane na wazee wanaoishi peke yao?

Mtuandikie mliyoyaona.